Shikamoo ya Kasuku

Wiki chache baada ya kumzika Baba, mdogo wangu Elia alinipigia simu kutoka Louisville akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyebaki na sauti yake. Hakumaanisha ujumbe wa sauti wa kwenye simu. Hizo tunazo nyingi na zote zinafanana: amefika salama, hajala, tumkumbuke fulani katika maombi. Elia alitaka sauti ya Baba ya kipaza sauti, ile ya siku ya kasuku. Nikamwambia hakuna aliyerekodi. Siku ile sote tulikuwa tunacheka, na mtu aliyeshika mbavu hashiki simu.

Tulipomaliza kuongea nilishuka ghorofa ya chini ya nyumba yangu, hapa Hilliard, nikafungua boksi la vitu vya Baba tulivyovileta kutoka Buffalo. Diski ya filamu ile ilikuwepo, chini ya soksi za kazini. Jalada limepauka, lakini bado anaonekana yule bwana mnene mwenye pua nyekundu, amesimama kwenye theluji na kinara cha mishumaa mkononi, na kasuku wa kijani begani. Nililinusa. Msiniulize kwa nini mtu mzima ananusa jalada la filamu. Lilikuwa bado lina mafuta, yale ya viazi na vitunguu, au labda pua yangu ilijiongezea.

Kwanza nieleze Baba alikuwa nani kabla hajawa mtu wa kiwandani. Sisi ni Warundi wa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kambini kulikuwa na banda la video, la miti na maturubai, na jenereta lake lilipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Filamu zilitoka India, China na Amerika, na watazamaji hawakujua lugha hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo banda lilikuwa na mtafsiri. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti akawasemea wote: shujaa, adui, mama mkwe, hata farasi. Mtafsiri huyo alikuwa Baba. Kihindi hakukijua, Kichina hakukijua, na hilo halikumzuia hata siku moja. Mama anasema watu waliacha filamu mpya kwenye banda la jirani wakaja kwa Baba kuangalia ya zamani, kwa sababu kwake ilikuwa inaisha tofauti kila mara. Mama mwenyewe alimpenda kwa sauti kwanza, akiwa amekaa nje ya turubai. Sura aliiona baadaye, na anasema alivumilia.

Mimi sikulikumbuka banda hilo hata kidogo. Baba niliyemjua mimi ni wa Amerika, na huyo alikuwa mtu wa neno moja: "Mwambie." Tulifikia Louisville, upande wa Iroquois, halafu mama mdogo akatuvuta Buffalo, Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha kufunga vyakula vya barafu. Kila tulipokwenda mimi nilitangulia mbele. Hospitali: mwambie mgongo unauma. Shuleni: mwambie mwalimu asante. Dukani: mwambie hii siyo saizi yake. Nilikuwa na miaka kama kumi, na kila ofisi watu waliniangalia mimi usoni, siyo yeye. Yeye alisimama nyuma na kofia mkononi. Mtoto hupima akili za watu kwa Kiingereza, na kwa kipimo hicho Baba yangu hakuwa na mengi kichwani. Nilimpenda sana, na nilimwonea huruma kama mtu anavyomwonea huruma mdogo wake. Nyumbani napo alikuwa ameanza kunyamaza. Mama alimwangalia akila kimya, kisha akaniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyechukua kitu chake.

Tulikaa North Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na chini yetu aliishi mwenye nyumba, mjane mzee tuliyemwita Bibi Estha. Jioni moja ya Desemba Baba alirudi kazini akasema ameona mishumaa dirishani kwa Bibi Estha. Kesho yake akasema imeongezeka. Siku ya tatu Mama alichungulia mwenyewe, akarudi ameshika kiuno.

"Wamemkatia umeme," alisema.

Hilo tulilijua. Louisville walishatukatia, tukakaa na mishumaa, tukala mkate. Baba hakuvua hata koti. Alichukua ile taa yetu ya kuchaji tuliyoiweka kwa ajili ya dhoruba za theluji, akanishika bega. "Twende. Utamwambia asione haya. Mwambie hata sisi yalishatupata."

Bibi Estha alifungua mlango, na nyuma yake jiko zima linawaka taa. Nilimwambia maneno ya Baba yote, pamoja na la haya. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaacha kucheka ghafla akamwangalia Baba, yeye mwenyewe, siyo mimi, na akaipokea taa kwa mikono miwili. Aliiweka dirishani pamoja na mishumaa yake. Akatukalisha mezani, akatuletea viazi vilivyokunwa na vitunguu na kukaangwa kama chapati ndogo, akaeleza kwamba hii ni sikukuu yao Wayahudi, sikukuu ya taa, siku nane, kila jioni mshumaa mmoja unaongezwa.

Nilipotafsiri neno Wayahudi, Baba alivua kofia.

"Muulize," alisema kwa sauti ya chini, "yeye ni wa kabila gani? La Yuda au la Lawi?"

Niliuliza. Bibi Estha akafikiri kidogo, akajibu kwamba watu wake wametoka Rochester. Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, kana kwamba Rochester imo kwenye Biblia.

Tulipoaga, Bibi alitukabidhi boksi la filamu za zamani za mwanawe aliyehamia California. Alizishika kwa vidole vyenye mafuta. Baba alizichambua pale pale kwenye ngazi, akatoa ile yenye kinara cha mishumaa na kasuku, akaiinua juu kwenye mwanga. Ilikuwa katuni, tena ya watu wa Israeli, na nyuma waliandika kuwa ina nyimbo. "Krismasi imepata filamu," alisema. Kwetu katuni ni kitu cha watoto, sawa na uji. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kuna Wamarekani wanaokaa chini na kalamu za rangi kuchora katuni za watu wazima. Maandishi madogo ya nyuma hatukuyasoma, na mimi msomaji wa familia nilikuwa nimeshughulika na viazi.

Kanisa letu lilikodi ukumbi wa chini ya kanisa la Wamarekani, siku za Jumapili mchana. Nusu tulikuwa Warundi, nusu Wakongo, na mchungaji wetu alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu mchangamfu aliyejua Kifaransa kizuri na Kiingereza cha kununulia mafuta ya gari. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi walitundika shuka jeupe ukutani, wakafunga kompyuta na projekta. Watoto tulijaa mbele kwenye zulia, wazee kwenye viti nyuma.

"Bon, bandugu," mchungaji alisema, "leo tuko na filme ya batoto. Iko ya bantu ba Israeli, donc ni kama Biblia tu, lakini ya kuchora. Sasa bazee habasikie Kingereza. Maman, kuja hapa, utatutafsiria."

Maman nilikuwa mimi, Wakongo humwita hivyo hata mtoto wa kike. Nilikwenda mbele, akanikabidhi kipaza sauti. Sikushangaa, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baba alikuwa amesimama ukutani na kofia yake mkononi, mahali pake pa kila siku.

Mama akainuka. Mama hasemi kanisani, hata matangazo ya akina mama humpa mwenzake ayasome. "Mchungaji, samahani," alisema. "Kambini kazi hii ilikuwa ya baba yake."

Mzee mmoja, Mzee Bukuru, akageuka kwenye kiti chake mzima mzima. "Wa banda la video? Ndiye huyu? Mimi nilidhani alishakufa!" Watu wakaanza kupiga makofi, wale waliotoka kambi yetu, na wengine wakafuata tu. Baba alitembea kutoka ukutani akaja mpaka kwangu. Alinyoosha mkono, nikampa kipaza sauti.

Niliogopa, na naujua mpaka leo ukubwa wa woga ule. Nilijua Kiingereza chake chote. Kilikuwa kinatosha kusema "sawa bosi" na "kesho." Watoto wote waliokaa kwenye zulia walikuwa wanajua Kiingereza kuliko yeye, na watoto hawana huruma. Niliona wazi kitakachotokea: atakwama, watamcheka, mchungaji atanirudishia mimi kipaza sauti mbele ya Mama, na Baba hatafungua kinywa tena, hata mezani. Mchungaji aliniweka kando ya kompyuta. "Kaa karibu na papa," alisema. "Akikwama, umusaidie."

Filamu ikaanza. Yule bwana mnene, jina lake Morti, muuza magodoro, anarudi mji aliozaliwa kwa sababu baba yake amefariki na mama yake peke yake hawezi kumtunza kasuku wa marehemu. Gari limekwama kwenye theluji. Morti anakunywa chupa nzima ya pombe, anafungua dirisha, anaimba. Nilielewa mstari wa kwanza nikahisi masikio yanawaka. Mstari wa pili ulikuwa na neno ambalo shuleni lilimpeleka mtu kwa mwalimu mkuu. Mstari wa tatu ulikuwa na hilo hilo, mara nyingi, kwa kupokezana na filimbi.

"Ee theluji," alisema Baba kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukashtuka, kwa sababu sauti ile hatukuijua. Ilikuwa nene, ya kujivuna, inatoka tumboni. "Ee theluji, nimekukosea nini? Natoka mbali. Nina njaa. Mama ananisubiri, na mimi sina hata zawadi mkononi!"

Wazee wakasikitika. Watoto wakaangaliana. Mmoja akaanza kukoroma kwa kicheko cha kuzuia, na zulia zima likaambukizwa.

Morti akafika nyumbani. Kasuku alikuwa juu ya kabati, na kasuku huyo, nasema bila kutia chumvi, ndiye kiumbe mwenye mdomo mchafu kuliko wote niliopata kuwasikia. Jambo la kwanza alilomwambia Morti lilihusu mwili wa mama yake. Elia, aliyekuwa na miaka saba, alifunika uso kwa shati.

"Kasuku anasema, shikamoo," alisema Baba.

Morti akajibu kwa neno baya zaidi.

"Marahaba, ndege wa baba yangu! Hamjambo hapa nyumbani?"

Watoto tuligaagaa. Wazee wakacheka kwa sababu watoto wanacheka, na kwa sababu kasuku wa Baba alikuwa na sauti ya shangazi mmoja aliyejulikana na kila mtu mle ndani. Hakuna mtoto aliyethubutu kusema kitu. Ukisema filamu ina matusi, mama yako atakuuliza ni yapi.

Mtu mzima mmoja tu angeweza kuelewa, naye ni Dada Njeri, nesi Mkenya, aliyekuwa jikoni na sufuria ya pilau. Alitokea mlangoni na mwiko, akasimama, akasikiliza, macho yakamtoka. "Pastor," alisema, "hii movie si ya watoto, ai, hebu mzime kwanza..."

"Chut!" mchungaji alimkatiza, anajifuta machozi. "Acha tusikie Baba Elia!"

Hapo nilijua ni juu yangu. Dada Njeri angekwenda kumnong'oneza mchungaji, kompyuta ingezimwa, na kila mtu angejua kwamba Baba amesimama mbele ya kanisa anatafsiri uchafu bila kujua. Wangemcheka kwa miaka. Nikamvuta shati. Nilitaka kumwambia taratibu, kama unavyomwambia mtu zipu yake iko wazi.

"Baba," nilinong'ona. "Wanasema vitu vibaya. Vibaya sana."

Baba alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Hakuondoa macho kwenye shuka. "Najua," alisema. "Punguza sauti ya mashine."

Sikuelewa, lakini nilipunguza. Akaashiria kwa kidole: zaidi. Nikapunguza mpaka mwisho, Morti akawa anafungua mdomo bila kutoa chochote, na kuanzia hapo filamu ikawa ya Baba peke yake. Nyimbo aliziimba mwenyewe, moja kwa Kirundi, wazee wakaitikia. Rabi akawa mzee wa mtaa anayesuluhisha ugomvi. Mke aliyemwacha Morti akawa na sababu zake, na akina mama wakamuunga mkono. Hata watoto tuliacha kucheka uchafu tukaanza kucheka yake. Dada Njeri alibaki mlangoni na mwiko, halafu akavuta kiti akakaa.

Mwishoni, Morti anawasha mishumaa yote minane. Mlango uko wazi, theluji inaingia ndani, na kasuku anafungua mdomo, na unaona kwa macho ya Morti kwamba sauti inayotoka ni ya baba yake. Baba alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, na nikashika kitufe cha sauti nikidhani amekwama.

"Huyu siyo kasuku tena," alisema polepole. "Huyu ni mzee, marehemu. Kasuku alikuwa ameihifadhi sauti yake. Anasema: Mwanangu, umefika. Sasa funga mlango, joto linatoka."

Mama alijifuta kwa kitenge, na siyo yeye tu. Nimeiangalia filamu hiyo tena nikiwa mtu mzima, na sauti imefunguliwa. Kasuku anamwambia Morti afunge mlango kwa sababu joto linatoka. Kisha anamtukana yeye na ukoo wake. Baba hakuwa amesikia chochote. Ila baba gani wa Buffalo asiyejua mzee atasema nini mlango ukiwa wazi?

Watu walimshika mkono mpaka tukachelewa. Dada Njeri alimpa sahani ya pilau iliyojaa kupita zote na kumwambia, "Baba Elia, hiyo translation yako ni noma," na Baba akacheka, kwa kuwa walielewana. Tangu siku ile hakukuwa na harusi ya Warundi au Wakongo Buffalo ambayo hakushika kipaza sauti.

Kwenye gari Mama na Elia walikuwa wameshaanza kurudia maneno ya kasuku, yale ya Baba. Mimi nilikaa mbele, kwa sababu nilikuwa msoma vibao vya barabarani.

"Baba," nilisema, "ulijuaje kwamba ni matusi?"

Alipunguza mwendo kwenye barafu. "Kiwandani," alisema. "Maneno yale ndiyo ya kwanza kujifunza. Supavaiza ananiita hivyo kila siku. Karibu yote ya kasuku nimeshaitwa." Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kisha akaniambia nifute kioo, ukungu umeshika.

Nilifuta kioo. Nilikuwa nayakumbuka maneno ya kasuku yote, moja moja, na sasa nilianza kuyaweka sehemu nyingine, kwenye ukumbi wenye baridi na mikanda inayozunguka, mbele ya Baba na kofia yake. Miaka yote niliyomtangulia kwenye ofisi nilidhani hasikii, na kumbe alikuwa anasikia vyote.

Siku chache baadaye, mchana wa kuamkia Krismasi, simu ya nyumbani iliita. Niliipokea mimi, kama kawaida, nikaweka spika. Alikuwa supavaiza, na hakujua kwamba imeshapokelewa. Alikuwa anaongea na mwenzake pembeni, akacheka, akamtaja Baba kwa neno moja la yale ya kasuku. Kisha akasikia pumzi yangu, akabadilisha sauti, akauliza kama baba yangu anaweza kuja kazini kesho, siku ya Krismasi. Baba hakuwahi kukataa kuja. Hakuna aliyewahi kumwona akikataa.

Baba alikuwa mezani anamenya viazi, kwa sababu Bibi Estha alikuwa amemfundisha Mama vile vyake. Aliinua macho.

"Anataka uende kesho," nilisema.

"Na kabla ya hapo amesema nini?"

Nilimwangalia. Aliniangalia. Mama alisimamisha kisu.

"Amesema shikamoo," nilimjibu.

Baba aliweka kiazi chini. Halafu akacheka, kicheko kile cha tumboni, cha kwenye kipaza sauti.

"Mwambie marahaba," alisema. "Halafu mwambie siji."

Nilimwambia yote mawili. Kutokuja nilikutafsiri vizuri kwa Kiingereza. Marahaba nilimpa kama ilivyo.